Bangkok mpaka Kuala Lumpur, Saa Mbili

Kwa miaka sita nilipata riziki yangu Brussels kwa kujua umbali wa miji ambayo sijaikanyaga hata leo. Ungeniuliza Singapore na Jakarta, ningekujibu bila kuangalia kompyuta: chini kidogo ya saa mbili. Hanoi na Saigon, saa mbili. Bangkok na Jakarta, saa tatu na nusu. Nilijua mji gani uko mbele ya mwingine kwa saa moja na mji gani uko nyuma, na nilijua ni kiwanja kipi cha ndege mtu mzima anaweza kupotea akatafutwa kama mbuzi. Nilijisikia sana kwa ujuzi huo. Mume wangu alikuwa anasoma shahada ya uzamivu, lakini nyumbani mwenye majibu ya haraka nilikuwa mimi.

Duka letu la tiketi lilikuwa kwenye kichochoro kinachotokea uwanja wa Flagey, kati ya fundi viatu na mtu aliyeuza simu za mtumba. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mpana, mcheshi, aliyekuja Ubelgiji kama mkimbizi akasafisha maofisi ya watu mpaka akafungua lake. Aliniajiri kwa sababu mbili. Ya kwanza, najua Kiingereza, na tiketi za upande wa Asia zilihitaji kuandikiana na watu wa huko kwa Kiingereza. Ya pili, alisema mwenyewe, wateja wanapenda kusikia Kiswahili changu, kama vile wanasikiliza taarifa ya habari.

"Weye Kiswahili yako inavaaka cravate," alikuwa ananiambia, yaani kinavaa tai.

Nami nilijibu kwamba chao kimetoka nyumbani bila shati. Tulitaniana hivyo kutwa. Wateja wetu wengi walikuwa Wakongo wa Kivu, na kila mmoja aliyeingia alinipa sababu ya kucheka moyoni: muntu, mutoto, kintu. Lakini neno lililonikera kuliko yote lilikuwa "masaa". Mimi nimesoma shule ya msingi Tanga, kwa mwalimu aliyekuwa anakata alama mbili kwa kila "masaa" aliyoyakuta kwenye insha. Saa ni saa, alisema, iwe moja, ziwe mia. Nilimwamini kama nilivyoamini Sala ya Bwana. Mteja akiniuliza safari ni masaa ngapi, nilimjibu ni saa ngapi, kwa kulikazia lile neno, ili ajue amesahihishwa. Sasa nikikumbuka naona haya.

Kulikuwa na desturi moja niliyoianzisha mwenyewe pale dukani. Tiketi zilikuwa zinachapwa kwenye karatasi ndefu zilizojaa namba na vifupisho, na wazee walizishika kama watu walioshikishwa barua ya mahakama. Kwa hiyo kila tiketi ya mzee niliitia kwenye bahasha, na juu ya bahasha nikaandika kwa kalamu nene, kwa Kiswahili, mambo anayohitaji kujua: siku, mji, saa. Walipenda sana. Wengine hawakuifungua bahasha mpaka wafike mbele ya mtu wa kaunta. Waliniambia, "Maandiko yako inatosha," nami nikavimba kichwa.

Papa mmoja (kwa Wakongo baba ni papa na mama ni maman) alikuja dukani Ijumaa moja ya majira ya baridi. Nilimfahamu kidogo. Alikuwa mtu wa Uvira, miaka kumi na mitano Ubelgiji, na kazi yake ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali moja kubwa kule Jette. Mrefu, mpole, mtu wa kuvua kofia mlangoni. Siku hiyo hakuivua. Alisimama mbele ya meza yangu akasema binti yake amegongwa na gari akiwa kwenye pikipiki, kule Kuala Lumpur, alikokuwa anasoma mwaka wa tatu wa chuo.

"Iko ku réanimation," alisema, yaani wodi ya mahututi. "Rafiki yake ndiye alipiga simu. Docteur anasema, kama kuna mzazi, akuye vite."

Nilimuuliza kuhusu mama wa mtoto. Akatikisa kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapata uraia na pasipoti, lakini karatasi za mkewe zilikuwa bado zinashughulikiwa. Akitoka nchini asingeweza kurudi. Kwa hiyo wa kwenda alikuwa mmoja tu. Mtoto naye alikuwa huyo mmoja tu.

Nilihangaika na ile kompyuta mpaka macho yakaniwasha. Njia zote za kawaida zilijaa. Hatimaye nilipata nafasi Jumapili: treni kutoka stesheni ya Gare du Midi mpaka uwanja wa ndege wa Paris, Paris mpaka Bangkok saa kumi na moja angani, afike Jumatatu alfajiri. Kutoka Bangkok ilibidi tumkatie tiketi nyingine, ya shirika jingine, na hiyo ilisema isubiriwe mpaka Jumamosi ndipo ithibitishwe. Nilimweleza hatua kwa hatua. Alichouliza kilikuwa kimoja.

"Kutoka Bangkok mupaka kwa mutoto, ni mbali?"

"Si mbali, papa. Kilomita elfu moja na mia mbili hivi. Ni kama kutoka hapa Brussels mpaka Roma. Saa mbili tu."

"Saa mbili," alisema, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo. Alitoa simu akampigia mkewe papo hapo, akamwambia ukishafika Bangkok ni kama umeshafika, ni kama Roma.

Jumamosi asubuhi niliandika bahasha. Nilianza na treni, nikaandika saa yake kwa tarakimu za Kizungu. Nikaandika Paris, na saa yake. Nilipofika kwenye ndege ya pili nilikuwa bado sina jibu la uthibitisho, kwa hiyo sikuandika saa ya kuondoka. Niliandika kile alichokuwa ameniuliza, nikidhani namtuliza moyo: BANGKOK – KUALA LUMPUR, SAA MBILI. Nikaacha nafasi chini yake, nije niongeze saa ya kuondoka tiketi ikitoka.

Mwenye duka alipita nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Akasoma.

"Andika masaa mbili," akasema. "Batu yetu banasemaka masaa."

"Masaa si Kiswahili, maman."

"Bon," akasema, akaenda zake.

Naiandika hii kama ilivyokuwa, sijipambi. Ingekuwa ni silabi moja. Ningeitia ile "ma", papa yule angejua kuwa huo ni urefu wa safari na si saa ya kuondoka, kwa sababu kwao tofauti hiyo iko wazi kama mchana: saa ni ile ya ukutani, masaa ni yale unayokaa. Mimi na mwalimu wangu wa Tanga tulikuwa tumeitupa tofauti hiyo kwenye pipa la takataka.

Tiketi ya pili ilitoka mchana: kuondoka Bangkok Jumatatu saa tano asubuhi, yaani onze heures. Niliichapa, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha. Wakati huohuo aliingia mteja mwingine na watoto watatu, mmoja akamwaga juisi kwenye kibodi. Ile nafasi ya chini niliyoiacha sikuikumbuka tena.

Jumapili asubuhi nilikwenda Gare du Midi kumkabidhi bahasha. Soko la Jumapili la pale nje lilikuwa limechangamka, zeituni kwenye mapipa, kuku wanazungushwa motoni, watu wanapiga kelele za bei kwa Kifaransa na Kiarabu. Yeye na mkewe walikuwa wamesimama chini ya ubao wa treni. Papa alivaa suti. Mkewe alikuwa amembebesha mkoba mdogo tu, kama nilivyoshauri, na ndani yake ameweka kitenge chake mwenyewe ambacho hakukifua, ili mtoto akiwa amelala pale asikie harufu ya mama yake.

Nikampa bahasha. Aliisoma yote kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho akasema, "Bangkok, Kuala Lumpur, saa mbili."

"Saa mbili tu, papa," nikamwambia.

Akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Mkewe alimshika mkono hadi kwenye ngazi za jukwaa. Mimi nilinunua kuku nikapanda tramu nikarudi nyumbani kupika, na nilikuwa nimeridhika na kazi yangu.

Jumatatu nilifungua duka saa tatu, yaani neuf heures ya huku. Simu ilikuwa inalia kabla sijavua koti.

"Allô, maman? Ni miye. Niko Bangkok."

Huko ilikuwa tayari saa tisa alasiri. Alitakiwa awe ameshatua Kuala Lumpur, anaingia hospitali. Nilikaa kwenye kiti na koti langu.

"Papa, unafanya nini Bangkok?"

"Nilikuwa nangoya ile ndege ya deux heures. Nimeenda ku guichet, banasema iliisha kwenda. Iliendaka onze heures. Nimeikala hapa tangu asubuyi, maman. Nilikuwa karibu kabisa."

Mtu wa kwetu Tanga akiona "saa mbili" anafikiria saa mbili asubuhi, au saa mbili usiku, kwa saa yetu inayoanza jua likichomoza. Mtu aliyesukuma vitanda Jette kwa miaka kumi na mitano, anayeingia zamu à sept heures na kutoka à quinze heures, akiona saa mbili anaona deux heures, kwetu saa nane mchana. Nami niliyeandika sikuwa na maana ya hii wala ile. Maneno mawili yalikuwa na maana tatu, na nikaipeleka bahasha hiyo mpaka stesheni kwa mikono yangu. Yote hayo niliyaelewa kwa mkupuo mmoja, simu ikiwa sikioni. Kisha, badala ya kusema ninachokijua, nilifanya jambo ninalolijutia kuliko hata lile la kwanza. Nilimkaripia.

"Karatasi ya ndani imeandikwa onze heures, papa. Hukuisoma?"

Nilisikia nyuma yake sauti ya mwanamke akitangaza ndege nyingine za watu wengine.

"Sikuifungula," akasema. "Niliona maandiko yako. Nikasema, maman amesha fanya kazi."

Nilimtafutia ndege ya saa kumi na mbili jioni ya huko, nikamsomea namba, nikamwambia aende kaunta ipi, na mara hii nilimsomea kila saa kwa Kifaransa, mara mbili mbili, naye akarudia kila moja kama mwanafunzi. Tulimaliza kama saa tatu na nusu. Nikaenda kuosha uso.

Saa nne na nusu simu ililia tena. Alikuwa mkewe. Sauti yake ilikuwa kavu, haina kilio. Rafiki wa mtoto alikuwa amempigia. Mtoto alikuwa ameaga dunia nusu saa iliyopita, saa kumi na moja jioni ya Kuala Lumpur, na dakika zake za mwisho alikuwa amefumbua macho, akawatazama manesi mmoja mmoja kama anayemtafuta mtu. Aliniuliza kama mumewe ameshafika. Nilimwambia yuko Bangkok, anangoja ndege. Akauliza kwa nini. Nikasema, "Amechelewa ile ya kwanza, maman." Ndivyo nilivyosema. Amechelewa. Kama vile alisimama dukani kununua pipi.

Hakuna aliyemwambia mpaka alipotua. Yule rafiki wa binti alimngoja mlangoni, akamwambia hapohapo, katikati ya watu wanaosubiri wageni wao. Alikaa huko siku nane, akarudi na jeneza, tukamzika mtoto hapa.

Matanga yalikuwa nyumbani kwao Jette, ghorofa ya tatu, viatu vimejaa hadi kwenye ngazi. Nilikwenda na mwenye duka langu. Njiani kwenye tramu nilimweleza kila kitu. Alisikiliza akitazama nje, kisha akaniwekea mkono gotini.

"Usiseme kintu," akasema. "Iko na karatasi ndani. Karatasi ilikuwa ya kweli. Weye ulifanya kazi yako."

Nilitaka sana kumwamini. Tulipoingia, papa alikuwa amekaa kwenye kona ya sebule, wanaume wamemzunguka, na kila aliyefika alimuuliza ilikuwaje. Nilimsikia akijibu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, maneno yaleyale.

"Nilisinzia. Nilifika Bangkok nimechoka, nikaikala ku kiti, nikasinzia. Ndege ikaenda."

Alinipokea kwa mikono miwili. Hakuonyesha kwa jicho wala kwa neno kwamba kuna kitu kati yangu na yeye. Nilikimbilia jikoni kuosha glasi. Na jikoni nikamkuta mama wa mtoto, anapakua. Alikuwa anamwandalia kila mtu sahani, anaipeleka mwenyewe, anainama. Ya mumewe hakuipeleka. Mwanamke mmoja alipotaka kuichukua akaizuia kwa mkono.

"Alilala," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mutoto iko anakufa, iko anamutafuta na macho, na yeye analala ku kiti. Atakula akisikia njaa."

Glasi niliyokuwa naiosha niliiosha tena. Nilikuwa na maneno mdomoni, yalikuwa machache tu, na sikuyasema. Nilikuwa nimeogopa. Niliogopa kupoteza kazi, niliogopa yale macho yake kunigeukia, niliogopa kuitwa jina ambalo lingenifuata kila mtaa wenye Wakongo katika mji huu, yaani karibu mji mzima.

Baada ya hapo nilianza kuhesabu. Nikiwa kwenye tramu nahesabu, nikikatia watu tiketi za Kigali nahesabu, nikimenya viazi nahesabu. Angeondoka Bangkok saa tano. Saa mbili angani, saa saba. Kuala Lumpur iko mbele ya Bangkok kwa saa moja, kwa hiyo kule ni saa nane. Saa moja ya pasipoti na kutoka uwanjani, saa tisa. Saa moja ya gari mpaka mjini, saa kumi. Mtoto alifariki saa kumi na moja. Nilijaribu kuichelewesha ndege, nikajaribu kumwekea foleni pale pasipoti, nikajaribu kumpa dereva asiyejua njia. Kila nilivyofanya, kwa haki ya kweli, angefika. Angemkuta mtoto amefumbua macho, na angekuwa naye saa nzima.

Mume wangu alichoka kuniona hivyo, akaniambia niende nikaseme. Ilipita miezi miwili na zaidi kabla sijaenda. Habari zilizonifikia dukani zilikuwa kwamba watu wale wawili wanaishi nyumba moja kama wapangaji: mama analala chumba cha mtoto, papa anaomba zamu za ziada asikae nyumbani. Mwenye duka aliniambia mama yule anafikiria kuondoka kabisa, kwenda kwa dada yake Lille, karatasi zake zikitoka. Hapo ndipo nilipoona kwamba kimya changu hakijakaa mahali pamoja. Kilikuwa kinaendelea kufanya kazi.

Nilikwenda Jumamosi alasiri. Mama alinifungulia. Papa alikuwa sebuleni, amevaa sare ya kazi, anangoja wakati wa zamu. Picha ya mtoto ilikuwa ukutani, amevaa joho la kumaliza sekondari, anacheka na meno yote. Walinikaribisha kiti. Sikukaa.

"Maman, papa hakusinzia," nikasema. "Alikuwa macho tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyeandika vibaya kwenye bahasha. Niliandika saa mbili nikiwa na maana ya masaa mawili ya safari, naye akaelewa deux heures. Alinipigia simu kutoka huko nikamlaumu yeye. Tangu siku ile najua, na sikusema."

Mama hakunitazama. Alimtazama mumewe.

"Uliniambia ulilala."

"Ndiyo," akasema papa.

"Juu ya nini?" akauliza, yaani kwa nini.

Alisugua magoti yake kwa viganja. "Alikuwa amefanya kwa roho muzuri," akasema. "Alikuya hadi Midi, dimanche, ku baridi. Na miye ndiye sikufungula bahasha. Nikasema, wakimujua yeye, watamukula. Miye nimesha kuliwa."

Mama alikaa. Alikaa taratibu, akishika meza. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari, hata nilitamani. Lakini aliponigeukia uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na swali, na nilijua ni swali gani kabla hajafungua mdomo, kwa sababu na mimi nilikuwa naliishi.

"Weye ndiye unajua mambo ya ndege," akasema. "Uniambie. Kama angepata ile ya onze heures, angefika ku kitanda ya mutoto saa ngapi?"

Papa aliinua kichwa.

Nilijibu kwa Kifaransa, ili safari hii pasiwe na saa ya kutatanisha mtu. Nilihesabu kwa sauti, na papa, nadhani bila kujua, alikuwa anafungua kidole kimoja kimoja juu ya goti lake.

"Anaondoka Bangkok onze heures. Heure moja angani, douze. Ya pili, treize. Amefika."

Vidole viwili.

"Kuala Lumpur iko mbele ya Bangkok," nikasema. Nikamwona mama alivyokaa, amelishika shati la mumewe kwenye kiwiko, sijui alilishika saa ngapi, na vidole vimekaza. "Iko mbele kwa heures mbili. Kwa hiyo kule ni quinze heures."

Papa alifungua kidole cha tatu. Kisha alisita. Alikuwa amekaa Kuala Lumpur siku nane, na aliipeleka mbele saa yake ya mkononi mwenyewe, kwa saa moja tu. Alinitazama, nami sikukwepa macho yake. Alifungua kidole cha nne.

"Pasipoti, kutoka uwanjani, seize. Gari mpaka hospitali, dix-sept."

Mkono mmoja ulikuwa umejaa. Ilibidi afungue kidole gumba cha mkono wa pili, na alikifungua.

"Dix-sept," akasema mama, yaani saa kumi na moja jioni. "Mutoto alikufa dix-sept heures."

"Ndiyo, maman."

"Donc hangemukuta."

"Hangemkuta."

Alilia hapo, nadhani kwa mara ya kwanza mbele ya mumewe, ameegemeza paji la uso kwenye bega la ile sare. Alilia muda mrefu. Mimi nilisimama palepale nilipokuwa nimesimama. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kitenge, akamuuliza papa kama amekula, papa akasema bado, naye akainuka akaenda jikoni. Tulisikia anafungua bomba, anaweka sufuria jikoni.

Papa alikuwa bado ameviweka vidole vyake sita juu ya magoti. Aliviangalia, kisha akakikunja kimoja, kile cha mkono wa pili. Alizungumza kwa sauti ya chini, isifike jikoni.

"Saa moya muzima, maman?"

Ningeweza kumdanganya na yeye.

"Nzima, papa," nikasema.